Heri Kufa Kuliko Reynoldsburg

Kazi yangu ya kwanza Louisville ilikuwa kutunza wazee, katika nyumba ya matofali mekundu isiyo mbali na mtaa wa Iroquois tulikokuwa tumepanga. Mzee wa kwanza niliyekabidhiwa alikuwa bibi wa Kizungu, mwembamba, mwenye kucha zilizopakwa rangi hata siku za kuugua. Asubuhi moja nilimtolea sweta ya zambarau kabatini. Akaikunjia uso, akasema asingekubali kukutwa hata maiti yake imevaa sweta ile. Nikairudisha taratibu, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa muuguzi wa zamu kumweleza kwamba bibi wa chumba cha mwisho ameanza kuzungumzia kifo chake, na hata nguo za kuzikwa amezitaja.

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi kuchekwa sipendi, tangu utotoni, nami nilinuna siku nzima nikakunja mashuka kwa hasira. Jioni muuguzi akaja kuniomba radhi na kunifafanulia. Bibi hafi, wala hataki kufa. Bibi haipendi sweta, basi.

Baada ya hapo nikaanza kutega sikio, na kwa kweli bibi yule alikuwa fundi wa kukataa. Uji wa shayiri asingeugusa hata kwa ufito wa futi kumi. Kwenye mchezo wa bingo asingeenda hata akokotwe na farasi mwitu. Mwanawe alipotaka kuliuza gari lake la zamani, bibi alitangaza mbele ya kila mtu kwamba gari lile litauzwa juu ya maiti yake. Likauzwa. Siku hiyo hiyo nilimkuta anakula keki na kuulizia kahawa.

Mwenzangu wa kazi, mama wa Bukavu ambaye alitangulia kufika Marekani, aliona nilivyoduwaa. "Bon, dada, hawa bazungu banakufaka kila siku na mudomo," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao huku akisukuma toroli ya chakula. "Usiogope. Kesho unabakuta banakunywa kahawa."

Nilicheka, lakini ndani yangu sikuwa nimetulia. Kwetu kukataa ni safari ya mzunguko. Mchungaji akikuomba upokee wageni na huna nafasi, unajibu, "Tutaona." Jirani akikualika kwenye sherehe usiyoitaka, unasema, "Mungu akijalia," naye kwa sauti yako anajua kwamba hakujaliwa. Si kwamba Kiswahili hakina makali. Sokoni Kigoma, nilikokulia kambini, wenyeji walikuwa wakiturushia "thubutu" na "hata kwa dawa" mtu akipunguza bei kupita kiasi, na sisi watoto wa Kirundi tuliyaokota maneno hayo kwa furaha. Ila tuliyaacha huko huko sokoni. Mlangoni kwa kaka yangu hayakuingia.

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Alinivusha mto Malagarasi mgongoni tulipokimbia Burundi, mimi sijaanza hata kutembea, yeye kijana anayeanza kuota ndevu. Kambini alinipikia, alinifulia, alinisuka nywele vibaya hadi wanawake wa bloku yetu wakamhurumia na kumnyang'anya kitana. Nilipoposwa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Mtu akiniuliza wazazi wangu wako wapi, huwa namtaja yeye kwanza, halafu ndipo ninakumbuka kwamba swali lilikuwa jingine.

Katika nyumba yake mambo mawili yalikuwa mwiko. La kwanza, kumwambia mkubwa "sitaki". La pili lilikuwa zito zaidi: kutaja kifo pamoja na nyumba ya mtu. Aliyesema heri afe kuliko kulala kwa fulani, hali tena kwa fulani wala fulani hamkaribishi, mpaka mkubwa wa upande wa baba akae na kuyafungua maneno yale. Nilikua nikijua hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyo. Sikuwahi kuuliza sababu, kama vile watoto wasivyouliza kwa nini mlango wa nyumba uko upande huu na si ule.

Tulipopewa nafasi ya kuhamia Marekani, sisi tuliletwa Louisville, yeye na familia yake Columbus, na shangazi yetu, dada wa baba, Buffalo. Kaka alipata kazi ghalani, akapanga nyumba Reynoldsburg, kitongoji cha huko, na kila Jumamosi baada ya zamu alinipigia simu. Hatukuwa na la maana la kuzungumza. Alinieleza bei ya mchele, nami nikamweleza magoti yangu.

Sasa binti yangu mkubwa akapata nafasi kwenye kile chuo kikuu kikubwa cha Columbus. Kaka alifurahi kuliko mimi niliyemzaa. Tulikwenda Jumapili moja kula kwake, na alikuwa amepika mwenyewe kwa kuwa mkewe alikuwa zamu: maharage, ndizi, samaki wa kukaanga. Kabla hatujakaa akatushika mikono akatupeleka kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa ameondoa maboksi yote, amepaka rangi, amenunua kitanda na meza ya kusomea. Pazia alilitundika yeye, nililijua kwa jinsi lilivyopinda.

"Hapa ndipo atakapokaa mwanangu," akasema. Hakuwa anauliza.

Binti yangu alikuwa na mipango yake. Yeye na wenzake wawili walishatafuta chumba mtaa wa wanafunzi, karibu na chuo, mtu anatoka kitandani anaingia darasani kwa miguu. Mimi nilikuwa nalijua hilo, nikapanga kumweleza kaka kidogo kidogo, kwa "tutaona" na "Mungu akijalia", mpaka mwezi wa nane umkute ameshazoea. Sikupata nafasi hiyo. Tulipokaa mezani, kaka akaanza kumwelekeza basi la kupanda kila alfajiri, na binti yangu akacheka akamwambia kwa Kiingereza, "Uncle, no. I would rather die than live in Reynoldsburg."

Binamu zake wakaangua kicheko, kwa sababu wao wanaishi Reynoldsburg na wanalisema hilo hilo kila siku shuleni. Kaka hakucheka. Kiingereza chake ni cha ghalani, cha inua, sukuma, malizia, lakini maneno yale aliyaelewa yote. Aliweka kijiko chini. Kisha akanyoosha mkono, akaiondoa sahani ya binti yangu mbele yake.

"Umesema heri ufe kuliko kulala humu," akasema kwa Kiswahili.

"Mjomba, ni utani. I'm joking."

"Kuna maneno hayataniwi. Usile."

"Kaka," nikadakia, "hicho ni Kiingereza tu. Ndivyo wanavyokataa."

Akanigeukia. "Kiingereza hakina kufa?"

Alitusindikiza hadi kwenye gari kwa adabu zote, akatufungia milango, akarudi ndani. Siku zote alikuwa na desturi ya kusimama pale maegeshoni akipunga mkono mpaka tumepotea barabarani. Siku ile niliangalia kioo, sikumwona.

Njiani binti yangu alilia kwa hasira. Alitaka kujua kosa lake. "Mama, it's just how people say no," alirudia, na mimi nilijua kwamba ni kweli, maana nilikuwa na bibi mzima kazini wa kunithibitishia. Wakati huo huo nilimkasirikia. Nilimkasirikia na kaka pia, mzee mzima kumnyang'anya mtoto chakula. Chini ya hasira zote mbili kulikuwa na hofu tupu. Mila nilizijua. Kama kaka ameifunga nyumba, ameifunga, na mtoto wangu ndiye aliyewekwa nje, na mimi mama yake siwezi kuingia nikamwacha mlangoni.

Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Na iliyofuata pia. Nilimpigia hakupokea, nilimwandikia alisoma akanyamaza. Mume wangu, mtu asiyependa kuingilia, alisema ni mambo ya ndugu, yataisha yenyewe. Hayakuisha. Kaka ana presha, na nilianza kufikiri mambo ambayo mtu hayafikirii kwa hiari: kwamba ataugua, nami nitapata habari kwa watu wa kanisani. Nimeshakuwa yatima mara moja kabla sijapata akili ya kujua. Mara ya pili ningejua kila kitu, na chanzo kingekuwa mzaha kuhusu kitongoji chenye maduka na maegesho ya magari.

Nikaona nimsomeshe kaka. Nilikaa jikoni nikamrekodia ujumbe mrefu wa sauti. Nikamweleza habari za bibi na sweta, farasi mwitu, ufito wa futi kumi, gari lililouzwa na keki. Nikamweleza kwamba hawa watu hawana njia ya mzunguko, basi wakitaka kukataa kwa nguvu bila kugombana huongeza chumvi hadi jambo lionekane la kipuuzi, wote wacheke, mambo yaishe. Niliona nimezungumza vizuri sana. Kesho yake akajibu, na ndiyo maneno pekee niliyopata kwake majira yote ya baridi.

"Wao wafe kwao."

Nilicheka peke yangu pale jikoni, halafu nikalia. Huyo alikuwa kaka yangu mwenyewe, na ulimi wake ule ule.

Aliyetuokoa ni shangazi. Habari zilimfikia Buffalo, sijui kwa nani, na shangazi huwa haulizwi amezipata wapi. Alinipigia akasema yeye ndiye mkubwa wa upande wa baba aliyebaki, miguu yake haimruhusu kusafiri, kwa hiyo sote tutakwenda kwake kabla ya Pasaka. Kaka alikuwa ameshakubali. Nilimuuliza shangazi kaka alimjibuje. "Amesema 'tutaona'," shangazi akasema, "lakini kwangu mimi hiyo ni ndiyo."

Kutoka Louisville kwenda Buffalo unapita Columbus. Sijawahi kupita Columbus bila kusimama. Binti yangu ndiye aliyeendesha, na tulipokaribia njia ya kutokea kwa mjomba wake sote wawili tuliacha kuzungumza. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nataka kwenda chooni. Nilisema hapana, ingawa nilitaka. Tukaenda tu, tukaliacha jiji nyuma.

Buffalo bado ilikuwa na theluji, ile ya mwisho, chafu, imelundikana pembeni mwa barabara. Gari la kaka lilikuwa limeshafika. Ndani alikuwa amekaa kwenye kochi amevaa suti, na nilipomwona niligundua amekonda, nikashindwa hata kumwamkia sawasawa. Shangazi aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na hita, blanketi magotini. Alitusalimu kila mmoja, akaomba kwa kifupi, kwa sababu yeye si mtu wa sala ndefu. Halafu akamgeukia kaka.

"Mwanangu, wewe na mimi tunajua. Wao hawajui. Usiponena wewe, nitanena mimi."

Kaka alitazama mikono yake. Kisha akasema, kwa Kiswahili ili binti yangu aelewe, maana Kirundi mtoto hana.

Mimi, mdogo wake, nilikua nikiambiwa kwamba mama alikufa kwa homa. Haikuwa hivyo. Asubuhi ile baba alikuwa ameshauawa, na majirani walikuwa wanaondoka kuelekea Tanzania. Walikuja kumwita mama. Alisimama mlangoni akaushika mwimo kwa mikono miwili. Walimsihi. Kaka alimsihi, alimvuta nguo. Mama akasema, "Heri nifie hapa kuliko kulala katika nyumba isiyo yangu." Kisha akanifunga mimi mgongoni mwa kaka, akakaza kitenge, akamsukuma atoke. Kaka alidhani ni maneno ya hasira, kwamba atatufuata jioni. Alimsubiri kando ya mto. Waliokuja nyuma ndio waliomwambia kwamba ameuawa pale pale.

"Alilisema, akalifanya," kaka akasema. "Ndiyo sababu nyumbani kwangu sikutaka lisemwe. Mila nilizitunga mimi. Ukoo hauna mila hiyo."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Kwanza nilikasirika. Maisha yangu yote nilimwombea mama aliyekufa kwa homa, nikamlilia mama wa homa, na mama huyo hakuwahi kuwepo. Nikamuuliza kaka alikuwa na haki gani. Shangazi akaniacha niseme, kaka akaniacha niseme, na nilipokwisha nilimtazama nikaona mvulana aliyesimama kando ya mto na mtoto mgongoni, akitazama njia. Hasira ikanitoka yote. Nilikwenda kukaa karibu naye kwenye kochi, begani kwake, na nililia bila aibu.

Binti yangu alikuwa bado amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mjomba," akasema, "sikujua. Mimi sikujua." Akapiga magoti mbele yake bila kufundishwa na mtu. "Sisi shuleni tunasema hivyo kwa pizza. Kwa homework. Haina maana yoyote."

"Najua," kaka akasema. "Mama yako alinieleza. Kichwa kilielewa."

Shangazi akagonga kiti chake kwa kidole. Alisema maneno yale sasa yamefunguliwa, lakini mtoto bado ana jambo la kusema, na yafaa akatae upya, kwa mdomo wa nyumbani, mtu na mjomba wake. Nilishtuka. Nilimwona binti yangu akinitazama kutafuta ruhusa, nami nikamkubalia kwa kichwa, ingawa sikuwahi kulisikia neno lile likisemwa mbele ya kaka yangu tangu nizaliwe.

"Mjomba," akasema polepole, Kiswahili chake kikichechemea, "sitaki kukaa kwako. Nataka kukaa karibu na chuo, na marafiki zangu."

Kaka akainua kichwa.

"Umeniambia sitaki."

"Ndiyo, Mjomba. Sitaki."

"Na hufi."

"Sifi, Mjomba."

Kaka alivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akafungua kifungo cha juu cha shati lake. "Sasa hilo nina jibu lake," akasema. "Mtu akiniambia sitaki, ninaweza kubishana naye. Lile jingine halina wa kubishana naye."

Kisha akaanza kubishana. Alimuuliza nani atampikia huko. Binti yangu akasema atajipikia. Akamuuliza atapika nini, akajibu wali, akamuuliza wali na nini, akakosa jibu. Akamuuliza milango ya huko inafungwa na nani, hao marafiki ni mabinti wa nani, wanasali wapi. Binti yangu akamjibu kila swali, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na kila mwisho wa jibu akarudia kwamba hataki, na kila alipolitamka kaka alikubali kwa kichwa na kuleta hoja nyingine. Shangazi akanituma jikoni nipashe chakula moto. Niliwasha jiko, nikasimama pale na mwiko mkononi, nikiwasikiliza kupitia mlango. Mjomba alikuwa anashindwa, na sauti yake ilikuwa inazidi kuchangamka. Nilipunguza moto ili chakula kichelewe.